Kura na Bunduki



Majira ya uchaguzi yafikapo, wagombea hupita katika mitaa ya Manika na Dilala wakiahidi barabara, maji, umeme na kazi migodini. Wananchi nao huwauliza juu ya mambo hayo hayo, na wana haki, maana kila mtu huuliza juu ya kile kimkoseshacho usingizi. Lakini liko swali moja ambalo ni mara chache mno twalisikia likiulizwa katika mikutano ile: «Mheshimiwa, siku Bunge litakapoulizwa kama askari wapewe mamlaka juu ya raia, au kama watu fulani wapewe bunduki, wewe utapiga kura gani? Na ukiisha kuipiga, utarudi kutuambia?»

Labda mtu atasema: «Mambo ya silaha ni ya Rais na majenerali. Sisi watu wa shaba na kobalti yatuhusu nini?» Twamjibu kwamba yatuhusu sana. Nchi yetu ya Katanga imetoa mawe ya kutengenezea silaha, imewaona vijana wake wakipewa silaha, kisha imepigwa kwa silaha zile zile. Na karibu kila mara wenyeji hawakuulizwa neno. Kwa hiyo juma hili twataka kueleza kwa taratibu jinsi wabunge wapigavyo kura juu ya silaha na usalama, kwa wenzetu na kwetu, na kwa nini yafaa mwananchi ajue jina la kila aliyesema «ndiyo» na la kila aliyesema «hapana».

Yaliyotupata sisi wenyewe

Tuanze na jambo la kale. Wakati wa vita vya pili vya dunia, mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi, ulitoa sehemu kubwa ya madini ya urani ambayo Wamarekani waliyatumia katika kutengeneza mabomu ya kwanza ya atomi. Mwezi wa Septemba 1944 serikali za Ubelgiji, Uingereza na Marekani zilifanya mapatano ya siri juu ya urani hiyo. Tarehe 6 Agosti 1945 mji wa Hiroshima uliteketezwa. Wachimbaji waliochambua mawe yale kwa mikono yao hawakuambiwa yanakwenda kufanya kazi gani, wala hapakuwa na bunge la Wakongo la kuulizwa.

Jambo la pili liko karibu zaidi nasi. Tarehe 11 Julai 1960 Katanga ilitangazwa kuwa nchi ya peke yake. Likaundwa jeshi la majandarme. Vijana wakapewa bunduki, wakaletewa maofisa wa Kibelgiji na askari wa kukodiwa. Mambo yale yaliishia hapa hapa Kolwezi. Katikati ya Januari 1963 Bwana Moïse Tshombe alikubali kuacha utengano, na tarehe 21 ya mwezi ule askari wa Umoja wa Mataifa wakaingia mjini bila vita. Mabwawa ya umeme ya Nzilo na Nseke, ambayo siku zile yaliitwa Delcommune na Le Marinel, yalikuwa yametegwa baruti. Kwa bahati njema hayakulipuliwa.

Watu walishukuru, wakadhani mambo yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Majandarme wengi hawakukabidhi silaha zao, bali walivuka mpaka wakaingia Angola, wakakaa huko miaka mingi, wakijifunza vita vya wengine. Mwezi wa Machi 1977 walirudi na kuvamia jimbo letu, ambalo wakati ule liliitwa Shaba. Wakafukuzwa. Tarehe 13 Mei 1978 walirudi tena chini ya jina la FNLC, na safari hii waliuteka mji wa Kolwezi wenyewe. Mamia ya watu walikufa, Waafrika na Wazungu, na wazee wetu wengi hata leo hawapendi kuyasimulia ya juma lile. Tarehe 19 Mei askari wa miavuli wa Ufaransa walishuka juu ya mji, na kesho yake wakafika Wabelgiji.

Sasa na tuulize swali la makala hii: katika mambo hayo yote, ni nani aliyepiga kura? Katika Zaire ya chama kimoja hapakuwa na mbunge aliyeweza kusimama mbele ya Rais Mobutu na kusema «hapana». Huko Paris nako, Rais Valéry Giscard d'Estaing aliamua mwenyewe kuwatuma askari wale. Katiba ya Ufaransa ya siku zile ilidai idhini ya Bunge kwa kutangaza vita tu, wala safari ya Kolwezi haikuitwa vita. Hatusemi kwamba aliamua vibaya. Wako watu waliookoka kwa sababu ya uamuzi ule. Twasema tu kwamba bunduki ziliingia, zikatoka, zikarudi, na hakuna mjumbe hata mmoja wa watu ambaye jina lake liliandikwa chini ya neno «nimekubali». Na pasipo jina, hapana wa kuulizwa.

Desturi za wenzetu

Nchi nyingine nazo zilijifunza polepole, na mara nyingi kwa machozi. Marekani iliingia katika vita vya Vietnam bila Bunge kutangaza vita. Tarehe 7 Novemba 1973 wabunge wake walipitisha sheria ya kumfunga Rais mikono: akipeleka askari vitani lazima aliarifu Bunge katika muda wa saa 48, na Bunge lisipokubali, awarudishe baada ya siku 60. Rais Nixon aliikataa sheria hiyo, lakini wabunge waliipitisha juu ya kichwa chake, kwa kura 284 dhidi ya 135 katika Baraza la Wawakilishi, na 75 dhidi ya 18 katika Seneti. Marais wengi waliofuata hawakuipenda, na wengine waliizungukazunguka. Hata hivyo orodha ya majina ya waliopiga kura imebaki, na mjukuu wa mbunge aweza kuisoma leo na kujua babu yake alisimama upande gani.

Ufaransa ilichukua muda mrefu zaidi. Miaka 30 baada ya askari wake kushuka Kolwezi, yaani Julai 2008, ilibadili Katiba yake. Tangu hapo serikali ikipeleka askari nchi za nje lazima iliarifu Bunge katika siku tatu, na ikitaka wakae zaidi ya miezi minne lazima iombe kura. Kura ya kwanza ya namna hiyo ilipigwa tarehe 22 Septemba 2008 juu ya askari waliokuwa Afghanistan, muda mfupi baada ya Wafaransa kumi kuuawa huko katika shambulio moja. Wabunge 343 walikubali waendelee kukaa, na 210 wakakataa. Waliokubali walishinda, lakini kila mzazi mwenye mtoto jeshini aliweza kujua mbunge wake alisema nini.

Ndivyo ilivyo pia katika kuzuia silaha. Mwaka 1963 Seneti ya Marekani iliukubali mkataba wa kukataza majaribio ya mabomu ya atomi angani, baharini na katika anga za juu, kwa kura 80 dhidi ya 19. Tarehe 13 Oktoba 1999 Seneti hiyo hiyo iliukataa mkataba wa kukataza majaribio yote hata chini ya ardhi: 48 walikubali na 51 walikataa, na sheria yao yadai theluthi mbili. Bunge laweza basi kufunga mlango wa silaha, na laweza kuuacha wazi.

Wala tusidhani kwamba kura za mbali hazifiki kwetu. Mwezi wa Julai 2010 Bunge la Marekani lilipitisha sheria kubwa juu ya mabenki, na ndani yake kilikuwamo kifungu kimoja juu ya Kongo. Kifungu hicho kilizitaka kampuni zieleze kila mwaka kama bati, tantali, tungsteni au dhahabu wanayotumia imetoka Kongo au nchi jirani, ili madini yasiwanunulie bunduki wenye vita. Nia ilikuwa njema. Shaba na kobalti yetu haikutajwa. Lakini kule Kivu na Maniema wanunuzi wengi waliogopa wakakimbia, na wachimbaji wengi wasio na hatia walikosa riziki. Hivyo mbunge wa Washington aliinua sauti, na mchimbaji wa Walikale akalala na njaa. Twalitaja jambo hili ili tuone kwamba kura juu ya silaha, hata ya nia njema, ina uzito, na yafaa mwenye kuipiga afuatilie matunda yake.

Katiba yetu yasemaje

Je, sisi Wakongo hatuna sheria? Tunazo, na ni nzuri kuliko watu wengi wanavyodhani. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 yasema kwamba Rais hawezi kutangaza vita pasipo idhini ya Bunge la Taifa na ya Seneti. Yasema kwamba jeshi ni la taifa zima, halina chama, na liko chini ya mamlaka ya raia. Yasema kwamba mtu yeyote aundaye jeshi lake binafsi au kuwapa vijana silaha ana hatia ya uhaini mkuu.

Tena Katiba yatoa amri juu ya namna ya kupiga kura. Wabunge waweza kuinua mkono, au kusimama na kukaa, au kutumia karatasi za siri wanapowachagua watu. Lakini inapokuwa kupitisha sheria nzima, kila mjumbe huitwa kwa jina lake, naye hujibu kwa sauti. Vikao vyenyewe ni vya hadhara, isipokuwa Bunge likiamua vingine. Na ili mbunge asiogope, kifungu cha 107 chakataza mbunge yeyote asishitakiwe wala asikamatwe kwa ajili ya maoni yake au kura yake kazini.

Basi sheria imempa mbunge sauti, imempa na ngao. Kilichobaki ni yeye kuvitumia, na sisi kumsikiliza.

Kura ya kila siku kumi na tano

Sasa tutazame mfano mkubwa wa siku zetu. Mwanzoni mwa Mei 2021 Rais Félix Tshisekedi alitangaza katika majimbo ya Ituri na Kivu ya Kaskazini ile hali ambayo Kifaransa chaiita état de siège, nasi tutaiita utawala wa dharura wa kijeshi. Ulianza tarehe 6 Mei. Magavana wa kiraia waliwekwa kando, wakaja majenerali. Mabunge ya majimbo yale mawili yalisimamishwa. Raia aliyeshitakiwa kwa makosa ya jinai akapelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Watu wengi wa huko, waliokuwa wamechoka kuzika ndugu zao, waliupokea kwa matumaini, na wabunge wao wengi vilevile.

Katiba yaruhusu jambo hilo, lakini kwa kipimo. Utawala wa namna hiyo hudumu siku 30 tu. Baada ya hapo hauwezi kuendelea ila kama Bunge la Taifa na Seneti wamekubali kuuongeza, na kila nyongeza ni siku 15. Tena mabunge hayo mawili yaweza kuukomesha wakati wowote kwa sheria. Twaona waliotunga Katiba walikuwa na hekima. Walijua kwamba dharura ni kama dawa kali: haipewi mgonjwa chupa nzima, bali kijiko kimoja kimoja, na kila mara mganga amtazame mgonjwa kwanza.

Nini kilitokea? Kijiko kiliongezwa, kikaongezwa tena. Waziri alileta mswada, wabunge wakaupitisha, Seneti ikaupitisha. Na baada ya siku 15 mambo yakawa yale yale. Bunge lilipokwenda mapumzikoni lilipitisha sheria ya kuipa serikali ruhusa ya kujiongezea muda yenyewe. Hapo, wasomaji wapendwa, mganga alimwachia mgonjwa ufunguo wa kabati la dawa.

Wabunge waliochaguliwa na watu wa Ituri na Kivu ya Kaskazini walianza kulalamika. Walisema mauaji hayajakoma katika Beni, Irumu na Djugu. Walitaka kazi ya majenerali ipimwe kabla ya muda kuongezwa tena. Kuna siku walizotoka ukumbini, na siku walizokataa kushiriki katika kura. Katika mwaka ule wa 2021 kamati ya ulinzi na usalama ya Bunge ilichunguza mambo, ikakuta upungufu mwingi. Hata hivyo wenzao wa majimbo mengine, ambao nyumba zao ziko mbali na milio ya risasi, walikuwa wengi, nao waliendelea kusema «ndiyo». Mwezi wa Novemba 2021 wapiganaji wa M23 walizuka upya. Tarehe 13 Juni 2022 waliuteka mji wa Bunagana. Mwezi wa Agosti 2023 watu wa majimbo yale waliitwa Kinshasa kutoa maoni yao, na tarehe 12 Oktoba Rais alitangaza kwamba utawala ule utalegezwa hatua kwa hatua. Nyongeza hazikukoma. Tarehe 27 Januari 2025 mji wa Goma, makao ya gavana wa kijeshi, uliangukia mikononi mwa M23. Ilikuwa imepita miaka mitatu na miezi minane, na muda wa siku 15 ulikuwa umeongezwa zaidi ya mara 80.

Tusielewe vibaya. Hatusemi kwamba kura zile ndizo zilizoiangusha Goma. Vita vile vina mizizi mingi, na mingine iko nje ya mipaka yetu. Wala hatusemi kwamba kila aliyekubali alikosa. Huenda mbunge mmoja alikubali mara kumi kwa dhamiri safi. Twasema hivi: kura iliyowekwa ili kumfanya mbunge afikiri upya kila siku 15 iligeuka kuwa desturi, kama mtu aitikiaye «abee» bila kusikia ameitwa na nani. Magazeti yakaandika kwamba Bunge limeongeza muda. Lakini Bunge si mtu. Bunge ni wajumbe 500, na Seneti ni zaidi ya 100, nao wametoka katika miji na vijiji vyetu, na Kolwezi ikiwamo. Ni wangapi kati yetu waliojua mbunge wao alijibu nini alipoitwa jina?

Bunduki zilizotolewa zitarudishwa na nani?

Katika mwaka 2023 ilitolewa sheria nyingine, ya kuunda akiba ya jeshi, yaani raia watakaosaidia kulinda nchi wakati wa hatari. Katika Kivu vijana wengi waitwao Wazalendo walikuwa wamekwisha kushika silaha dhidi ya M23. Mapenzi ya nchi ni jambo tukufu, na hakuna mwenye haki ya kumcheka kijana aliye tayari kufa kwa ajili ya kijiji chake. Lakini watu wa Kolwezi wana deni la kuuliza, maana walikwisha kulipa gharama ya kutouliza. Jandarme wa mwaka 1960 naye alikuwa kijana aliyeambiwa kwamba analinda nchi yake. Hakuna aliyejibu swali hili: siku vita vikiisha, ni nani atakayemwambia aweke bunduki chini, na atampa kazi gani badala yake? Swali lile halikujibiwa mwaka 1963. Likajibiwa lenyewe mwaka 1978, katika mitaa yetu.

Kwa hiyo mbunge akubaliye leo bunduki zitolewe, na aseme leo leo zitahesabiwaje na zitarudishwaje. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na katika mambo ya silaha, ukuta hujengwa kwa makaburi.

Liko pia la hapa nyumbani. Mwezi wa Juni 2019, na baada yake, jeshi lilipelekwa kwenye migodi ya Fungurume na ya Kolwezi ili kuwaondoa wachimbaji wadogo. Siku zile zile, tarehe 27 Juni, ardhi iliporomoka katika mgodi mmoja wa Kolwezi na kuua makumi ya wachimbaji. Kupeleka askari namna ile hakukudai kura. Lakini hata pale kura isipotakiwa, swali latakiwa. Katiba yampa mbunge njia za kumwuliza waziri kwa mdomo au kwa maandishi, kumtaka afike mbele ya Bunge ajieleze, na kuunda tume ya uchunguzi. Askari aliyesimama kati ya kampuni na mchimbaji mwenye njaa ni jambo la usalama wa taifa, sawasawa na askari aliyesimama mpakani.

Je, usalama si siri?

Wako watakaotupinga wakisema: «Mambo ya ulinzi ni siri. Mkiyatangaza, adui atasikia.» Neno hilo lina ukweli ndani yake, na halifai kudharauliwa. Mahali askari walipo, njia watakayopita, idadi ya risasi zao: hayo ni siri, na mbunge ayatangazaye ni mhaini. Lakini kura si mpango wa vita. Adui hafaidiki kwa kujua kwamba mbunge fulani wa Lualaba alikubali au alikataa raia wahukumiwe na mahakama ya kijeshi. Anayefaidika kwa kujua hayo ni mpiga kura. Hata siri za jeshi zenyewe zaweza kusemwa mbele ya kamati milango ikiwa imefungwa. Kisha milango ifunguliwe, na kila mtu aitikie jina lake.

Wengine watasema: «Mbunge afuata chama chake, afanyeje?» Tena watasema kwamba, kwa Katiba, mbunge huwakilisha taifa zima, wala hafungwi na maagizo ya waliomchagua. Hilo ni kweli. Hatuwezi kumwamrisha. Lakini asiyeamrishwa aweza kuulizwa, na mwenye akili atatoa sababu zake. Mbunge aliyesema «ndiyo» na anayo sababu, hana haja ya kujificha. Mbunge aliyesema «hapana» peke yake kati ya mamia, naye astahili kujulikana, maana huenda baadaye akaonekana ndiye aliyeona mbali. Kura zikifichwa, mwenye ujasiri na mwenye woga huvaa nguo moja.

Tena sauti za wadogo zina nguvu zikiungana. Tarehe 7 Julai 2017 mataifa 122, mengi yao yasiyo na utajiri wala jeshi kubwa, yalipiga kura katika Umoja wa Mataifa kwa ajili ya mkataba wa kukataza kabisa silaha za atomi. Wenye silaha hizo walikataa hata kuhudhuria. Makao makuu ya Kanisa, Vatikani, yalikuwa miongoni mwa wa kwanza kuuthibitisha, na Kongo, nchi ya Shinkolobwe, iliuthibitisha tarehe 22 Septemba 2022. Mabomu yangalipo, hilo twalijua. Lakini nchi ambayo mawe yake yalichukuliwa kwa siri mwaka 1944 imesema neno lake hadharani, na neno hilo limeandikwa.

La kufanya

Hatupendi kumaliza kwa malalamiko tu. Vikao vya kawaida vya Bunge huanza tarehe 15 Machi hadi 15 Juni, na tarehe 15 Septemba hadi 15 Desemba. Baada ya hapo mbunge huwa na nafasi ya kurudi kwa watu wake. Wakati huo wakuu wa mitaa, akina baba na akina mama, walimu, wafanyakazi wa migodi na vijana na wamwalike, na wamwulize kwa heshima, bila kelele wala matusi, maswali machache yaliyo wazi.

La kwanza: katika kikao hiki, ni kura zipi zilizopigwa juu ya jeshi, silaha au utawala wa dharura, na wewe ulikuwapo? La pili: ulipoitwa jina, ulijibu nini? La tatu: kabla ya kujibu, ulisikia habari gani kutoka kwa watu wanaokaa mahali pale penyewe? La nne: kama ulikubali jambo la muda, muda huo waisha lini, nawe utatazama nini kabla ya kukubali tena? La tano: kama bunduki zilitolewa, nani anaziandika, na nani atazikusanya?

Maswali haya si ya chama fulani. Mtu aweza kuwa upande wa serikali au upande wa upinzani, akayauliza yote matano. Mbunge mwema atayafurahia, maana yatamsaidia naye mbele ya wakubwa wa chama chake; ataweza kuwaambia: «Watu wangu wa Kolwezi wananingoja. Wataniuliza.» Na mbunge ambaye hajazoea kuulizwa atajifunza. Asipojifunza, uchaguzi u mbele yake.

Kule Bunia na Beni wako akina mama ambao hawamjui mbunge wetu wala hawatamwona kamwe, na huku kura yake yagusa mlango wa nyumba yao. Hawawezi kumwuliza. Sisi twaweza. Basi siku atakaporudi likizoni, tusimwulize juu ya barabara tu.